Mahame ya mji wa machimbo: tuanzie wapi, na tutazame nini?

Mwalimu wa Isevya (Tabora)

Ndugu wa Tabora na Kigoma, salaam.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini, na pamoja na kazi ya darasani ninalea klabu ya wanafunzi wanaopenda mambo ya kale. Tembe la Kwihara wamekwisha kuliona, na Boma la Wajerumani wanalipita mara kwa mara hata hawalishangai tena. Hivi karibuni niliwaonyesha picha za kisiwa cha Hashima, nje kidogo ya Nagasaki nchini Japani, ambako kampuni ya Mitsubishi ilichimba makaa ya mawe chini ya bahari na kujenga, juu ya kisiwa cha hekta sita na ushei, mji wa maghorofa uliokuwa na watu 5,259 mwaka 1959. Machimbo yalifungwa Januari 1974, na ilipofika Aprili mwaka huo huo hapakubaki mkazi hata mmoja. Nikawaeleza pia habari za Wakorea na Wachina waliolazimishwa kufanya kazi pale wakati wa vita, kwa sababu sikutaka waone maghorofa tu. Baada ya hapo mwanafunzi mmoja aliuliza kama nasi tunao mji wa machimbo uliohamwa ambao tunaweza kuufikia kwa nauli yetu wenyewe.

Jibu nililompa ni Mpanda. Pale hayakuchimbwa makaa ya mawe bali madini ya risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu iliyopatikana ndani ya mawe yale yale, na mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals ulifungwa mwaka 1960. Mpanda yenyewe haikufa, kwani leo ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Katavi; tunachokitafuta sisi ni mahame ya mgodi na ya makazi yaliyouzunguka, yaani yale yaliyobaki ya mji ambao ulikuwapo kwa sababu moja tu na sababu hiyo ikaondoka.

Ningependa kusikia kutoka kwenu mliowahi kutembea katika mahame ya namna hii, popote pale. Mtu anayatazamaje ili aone zaidi ya kuta zilizobomoka? Ni hatari zipi ambazo mwalimu mwenye dhamana ya watoto wa watu anapaswa kuzijua kabla hajaomba ruhusa kwa wazazi?

Binti Ujiji

Mwalimu, salaam, na hongera kwa kazi hiyo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Nilipokuwa nikisoma Marekani nilipata nafasi ya kutembelea Nuttallburg, mji wa makaa ya mawe uliohamwa katika bonde la Mto New, jimbo la West Virginia, na nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndio ulionifundisha namna ya kutazama.

Mji ule ulianzishwa na John Nuttall, Mwingereza aliyeanza kufanya kazi migodini akiwa mtoto wa miaka 11. Alinunua ardhi ile mwaka 1870 akijua kwamba reli ingepita chini yake, na reli ilipofika mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa bonde lile kupakia makaa yao kwenye mabehewa. Mgodi ulifungwa mwaka 1958, watu wakatawanyika, na msitu ukaingia. Ukifika leo unakuta kwanza miti, tena miti mingi na minene, na mgeni asiye na subira anaweza kupita katikati ya mji akidhani yumo porini.

Mwenyeji wetu hakutupeleka kwenye mdomo wa mgodi kwanza. Alitusimamisha chini kabisa, kando ya reli, kwenye jengo kubwa la chuma lililotumika kuchekechea makaa na kuyapakia. Akatuambia tuinue macho tufuate safari ya jiwe kinyumenyume. Kutoka pale kuna mtambo wa kushushia makaa uliofunikwa kwa mabati, wenye urefu wa futi 1,385, yaani zaidi ya mita 420, unaopanda mlimani hadi ulipo mdomo wa mgodi. Mtambo huo ulijengwa katika miaka ya 1920, Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alipoukodi mgodi ili viwanda vyake vya Detroit vipate makaa bila kumtegemea mtu. Mwaka 1928 aliachana nao, kwa kuwa alikuwa na makaa na alikuwa na viwanda lakini reli ya katikati haikuwa yake. Nikiwa nimesimama pale chini ya mtambo nilielewa jambo ambalo sikuwa nimelielewa kwa kusoma: mlimani panachimbwa, bondeni panapakiwa, na binadamu wote waliokaa katikati walipangwa kufuata mteremko wa jiwe.

Tukafuata mstari wa tanuri za matofali, ambamo makaa yalikuwa yakiokwa hadi yawe koki, yaani makaa ya kuyeyushia chuma viwandani. Midomo yake ina umbo la upinde, na ukiinama kuchungulia unaona matofali ya ndani yamelainika na kung'aa kwa joto, huku mizizi ya miti ikishuka kutoka darini. Mbele yake ni misingi ya nyumba. Hapo ndipo mwenyeji wetu alipotuonyesha kijito kiitwacho Short Creek, akatueleza kwamba Wazungu walikaa upande mmoja wa kijito na Weusi upande wa pili, kila upande ukiwa na shule yake na kanisa lake, ingawa wanaume wao waliingia katika shimo lile lile. Misingi hiyo bado ipo, na hakuna kibao kinachoweza kusema jambo hilo wazi kuliko umbali ulio kati yake.

Kwa hiyo ushauri wangu, Mwalimu, ni kwamba wanafunzi wako wachore ramani kwa mikono yao wenyewe kabla ya kupiga picha. Wapime nyumba ipi ilikuwa kubwa na ipi ilikuwa chumba kimoja, nani alikaa upande ambao vumbi halifiki, duka lilikuwa wapi na lilikuwa la nani. Katika miji ya makaa ya Marekani duka lilikuwa la kampuni, na mara nyingi mfanyakazi alikopeshwa kwa sarafu za kampuni zisizopokelewa mahali pengine popote. Vilevile watazame mimea. Kule nilikuta maua ya bustani yamechanua katikati ya msitu, mbele ya msingi usio na nyumba. Kwetu watazame miembe, minyaa na mikonge, kwa maana miembe iliyosimama kwa mstari haikuota yenyewe.

Mstaafu wa Reli (Kaliua)

Binti yangu wa Ujiji amenena vema, nami nitaongeza upande wa reli, kwa sababu ndiko nilikofanya kazi hadi nikastaafu.

Mwalimu, kama mnaondokea Tabora basi somo lenu lianze mnapopanda treni, msingoje mpaka mfike Mpanda. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa njia za misafara ya zamani. Tawi la Kaliua kwenda Mpanda ni habari nyingine kabisa. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya Vita Kuu ya Pili, likapita katika pori la miombo lenye watu wachache sana na kuvuka Mto Ugalla, kilomita zipatazo 210, na mzigo uliokusudiwa ulikuwa ni mawe ya risasi ya Mpanda. Wanafunzi wakae dirishani waone ni mwendo gani huo katikati ya pori, kisha wajiulize ni utajiri kiasi gani uliotazamiwa mpaka mkoloni, ambaye hakuwa mwepesi wa kutoa fedha kwa ajili ya wenyeji, akakubali kutandika reli yote ile.

Wakiwa kwenye stesheni, kwa idhini ya stesheni masta, waoneshwe jambo moja ambalo wasafiri wengi hawalijui. Kwenye kiuno cha chuma cha reli, ubavuni, kuna herufi na tarakimu zilizoinuka ambazo hutaja kiwanda kilichokiyeyusha chuma hicho na mwaka wake. Mkipaka chaki juu yake zinasomeka vizuri. Reli za zamani zikiondolewa njiani hutumika tena kama nguzo, vizuizi au boriti za nyumba, kwa hiyo hata huko mgodini mkikuta kipande kimesimikwa ardhini msikipite hivi hivi, kisomeni. Ni cheti cha kuzaliwa kisichooza.

Mgodi ulipofungwa wengi walidhani tawi lile nalo litang'olewa, kama ilivyong'olewa reli ya karanga ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Halikung'olewa. Lilibeba tumbaku, mahindi, asali na abiria, na wakimbizi wa Burundi walipopewa makazi Katumba, karibu na Mpanda, baada ya mwaka 1972, reli ile iliyojengwa kwa ajili ya mawe ndiyo iliyowafungulia njia ya kuuza mazao yao. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu mtu akiuona mgodi uliokufa anaweza kudhani kwamba kila kitu kilikufa nao.

Tena, Mwalimu, tafuteni wazee. Mtu aliyekuwa na miaka 18 mgodi ulipofungwa mwaka 1960 sasa ni mkongwe, na wengi wametangulia mbele ya haki. Lakini watoto wao wapo, na watoto wale walilelewa katika kambi ya mgodi. Waulizeni baba zao walitoka wapi. Waulizeni kuhusu kipande, ile kadi iliyokuwa na nafasi za siku 30 za kazi, ambayo mtu hakulipwa mpaka zote zimejazwa, hata kama zilimchukua zaidi ya mwezi mzima. Kwetu hapakuwa na sarafu za kampuni kama hizo za Marekani, lakini kipande kilimfunga mtu kazini vilevile, na ni jambo ambalo hamtalikuta kwenye msingi wowote wa nyumba.

Fundi wa Migodi (Kigoma)

Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu, habari za kazi.

Mimi nitajibu swali la hatari peke yake, nami nitalijibu bila kuzungukazunguka: wanafunzi wasiingie ndani ya shimo lolote, hata hatua tatu, hata kama kuna kijana mwenyeji anayesema huingia kila siku. Najua vijana wanavyovutwa na giza la mdomo wa mgodi, lakini yote yaliyoelezwa na waliotangulia yapo juu ya ardhi, na chini hakuna somo linalostahili gharama yake.

Sababu ya kwanza ni hewa. Mgodi unaofanya kazi hupulizwa hewa kwa mitambo, na mgodi uliofungwa haupulizwi. Miamba na mbao zinazooza hula oksijeni taratibu, na hewa iliyobaki haina harufu, haina rangi, wala haikwaruzi koo. Mtu hulegea magoti, akaanguka, na anayemkimbilia kumwokoa huanguka juu yake. Katika migodi ya makaa ya mawe huongezeka methani inayolipuka, na moshi wa sumu pale ambapo makaa yameshika moto chini kwa chini. Mji wa Centralia, jimbo la Pennsylvania, ulihamwa kwa sababu hiyo: moto ulioingia kwenye matabaka ya makaa mwaka 1962 unaendelea kuwaka hadi leo, na mwaka 1981 mvulana wa miaka 12 alizamishwa na ardhi katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya bibi yake, akaokolewa na binamu yake. Mgodi wa risasi hauna tabia hiyo ya makaa, lakini upungufu wa oksijeni haubagui aina ya madini.

Sababu ya pili ni matimba. Nguzo za mbao zilizowekwa zaidi ya miaka 60 iliyopita zinaweza kuonekana nzima kwa macho huku ndani zimeliwa na mchwa, na mvua ikinyesha mwamba hujaa maji na kuwa mzito. Hata juu ya ardhi iko hatari ya mashimo ya wima, ambayo huzibwa kwa mbao au mabati, kisha majani yakaota juu yake. Isitoshe, wachimbaji wadogo wana desturi ya kurudi kwenye machimbo ya zamani, hivyo mnaweza kukuta duara jipya, yaani shimo lao, mahali ambapo ramani haioneshi kitu. Tembeeni kwa mstari mmoja, nyuma ya mwenyeji anayeijua ardhi, msikanyage mahali ambapo majani yamelala tofauti na mengine, na msiende wakati wa masika.

Sababu ya tatu ni ile ambayo watu wengi huisahau, nami ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa upande wa Mpanda. Mawe ya risasi yalisagwa ili kutenga madini, na penye kusaga hubaki marudio, yaani mchanga laini uliokwisha kukamuliwa lakini ambao bado una chembechembe za risasi. Risasi huingia mwilini kwa kumezwa na kwa kuvutwa na pumzi, na humwumiza mtoto kuliko mtu mzima kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Kabwe, nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo vumbi lake linaonekana katika damu za watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya mgodi kufungwa. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mamia ya watoto walikufa mwaka 2010 kwa sababu mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi yalisagwa nyumbani.

Sisemi kwamba matembezi ya siku moja yatawaletea madhara kama hayo. Nasema msikae juu ya vilima vya mchanga huo, msile chakula hapo, mnawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kugusa mkate, na viatu vikung'utwe nje kabla ya kuingia mahali pa kulala. Mwanafunzi akiokota jiwe la kijivu linalong'aa, zito kuliko ukubwa wake, lililovunjika kwa pembe mraba kama vipande vya mraba vya sukari, hiyo ndiyo galena, mama wa risasi. Alitazame, aonyeshwe na wenzake, kisha alirudishe chini. Asiliponde, wala asilitie mfukoni kwenda nalo nyumbani kwenye wadogo zake.

Ruhusa ombeni Ofisi ya Madini ya mkoa na serikali ya mtaa au kijiji mnakokwenda. Eneo kama lile linaweza kuwa ndani ya leseni ya mtu, na mwenye leseni ana haki ya kuulizwa.

Mkazi wa Urambo

Naomba kuchangia kwa kifupi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa kumbukumbu, bila tangazo maalumu la Waziri, vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mgodi wa miaka ya 1950 hauingii humo, na ndiyo maana matofali na mabati ya mahali kama hapo huondoka mwaka hadi mwaka bila mtu kuvunja sheria yoyote. Kwetu Urambo tulikuwa na Mradi wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na majengo mengi ya wakati ule yamekwisha kugeuzwa mengine.

Lakini mimi sikubaliani na wanaoita jambo hilo uharibifu mtupu. Mtu aliyejenga jiko lake kwa matofali ya ofisi ya kampuni ameyapa matofali hayo maisha ya pili, na pengine babu yake ndiye aliyeyafyatua. Mwalimu, wanafunzi wako wakifika kwenye msingi mtupu, waulize pia kuta zilikwenda wapi, halafu wazifuate mitaani.

Binti Ujiji

Ndugu wa Urambo, nakubaliana nawe kuhusu matofali, ila kuhusu sheria naona tusiridhike. Nuttallburg nayo ilikuwa imezama msituni kwa miaka 40. Familia ya mwanzilishi iliikabidhi kwa idara ya hifadhi za taifa mwaka 1998, na kazi ya kufyeka, kuimarisha majengo na kuweka vibao ilikamilika mwaka 2011. Hakuna kilichojengwa upya. Kilichokuwapo kilizuiwa tu kisianguke. Hata ng'ambo ya ziwa letu, karibu na Kalemie, kuna machimbo ya makaa ya mawe ya Lukuga ya wakati wa Wabelgiji, na sisi wa Ujiji tunaotazama upande ule kila jioni ni wachache tunaojua kwamba yalikuwapo. Ramani watakayochora wanafunzi wa Tabora inaweza kuwa maandishi ya kwanza ya upande wetu ambayo mtu atayaweka mezani atakapoomba mahali fulani palindwe. Tafadhali, Mwalimu, nakala moja ipelekwe kwenye ofisi ya utamaduni ya wilaya, isiishie kwenye kabati la shule.

Mwalimu wa Isevya (Tabora)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimesoma majibu haya pamoja na viongozi wa klabu, na tumeamua mambo yafuatayo. Safari itakuwa baada ya mvua, wakati wa likizo ya Juni. Kabla ya hapo mimi na mwalimu mwenzangu wa jiografia tutakwenda peke yetu, tuonane na Ofisi ya Madini, tupite na mwenyeji, na tuweke alama mahali ambapo wanafunzi hawatavuka. Barua ya wazazi itataja hatari zote tatu alizozieleza Fundi, bila kupunguza neno, ikiwemo ile ya vumbi, ambayo nakiri haikuwa kabisa katika mawazo yangu.

Tumewagawa wanafunzi katika makundi mawili badala ya matatu, kwa kuwa tumeliondoa kundi lililokuwa litazame shimo. Kundi moja litachora ramani ya misingi, njia na mimea, na la pili litakaa na wazee na watoto wa wafanyakazi wa zamani. Swali la kuta zilikwenda wapi tumelipa kundi la pili, kwa sababu ndilo litakaloingia majumbani mwa watu.

Mzee wetu wa Kaliua, nina ombi moja. Je, tunaweza kupata muda wa kutosha hapo Kaliua ili wanafunzi wasome hizo herufi za kwenye reli, au itatubidi tungoje hadi Mpanda?

Mstaafu wa Reli (Kaliua)

Treni ya Mpanda haiendi kila siku, Mwalimu, na kusimama kwake Kaliua hutegemea shughuli za siku hiyo, kwa hiyo msipange jambo la watoto juu ya dakika za treni. Fanyeni hivyo Mpanda, mwisho wa reli, ambako kichwa cha treni kikishakatwa hakuna haraka na stesheni masta anaweza kuwasimamia kwenye njia isiyotumika. Chukueni chaki nyeupe, na brashi ngumu ya kuondolea kutu. Mkipita Kaliua nitafuteni hapo stesheni. Nitawaletea picha ya gengi, yaani kikosi cha matengenezo ya reli, alilofanyia kazi marehemu baba, mwione vifaa walivyotumia kubadilishia mataruma.